Mlau, dungu, bamvua: Maneno ya Bonde la Rufiji yanayongoja kuandikwa

Masika yakishapita na maji ya Rufiji yakaanza kurudi mtoni, mkulima wa Ikwiriri hangoji bonde likauke. Huyafuata maji hatua kwa hatua. Pale yalipoondoka jana, leo anachimba vishimo kwenye tope na kudondosha punje za mahindi. Kesho atasogea mbele kidogo, keshokutwa mbele zaidi, mpaka Julai imkute karibu na ukingo wa mto. Mvua imekwisha, na nyingine haitarajiwi kabla ya vuli. Mahindi yale yatakua kwa unyevu uliobaki ardhini na kwa rutuba ya tope lililoshushwa na mto kutoka bara. Pembeni yake hupandwa kunde na maboga, na zamani ilipandwa pamba. Kilimo hicho kina jina lake: mlau.

Utete, Mohoro na Ikwiriri neno hilo halihitaji ufafanuzi. Mtu akisema shamba lake ni la mlau, aliye naye anajua papo hapo liko sehemu gani ya bonde, lilipandwa lini na litavunwa lini. Nenda nalo Iringa au Mwanza, utalazimika kutoa maelezo marefu.

Maneno ya namna hiyo ni mengi kusini mwa Mkoa wa Pwani, na mengi kati yake yamo vinywani tu mwa wazee. Hayamo kwenye vitabu vya shule, na machache yaliyoandikwa yako katika ripoti za watafiti ambazo mwanafunzi wa Ikwiriri hajawahi kuziona. Hilo ni pengo kubwa, na wenye uwezo wa kuliziba wako hai leo.

Mji wa Ikwiriri uko kilomita zipatazo 170 kusini mwa Dar es Salaam, kwenye ardhi iliyoinuka kidogo kando ya bonde. Hapo mto Rufiji umekwisha kukusanya maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, na sasa unatanuka, unapunguza kasi, kisha unagawanyika katika mikono mingi ya delta kabla ya kuingia Bahari ya Hindi mkabala na Kisiwa cha Mafia. Eneo linalomwaga maji yake katika mto huo lina kilomita za mraba zipatazo 177,000, karibu moja ya tano ya Tanzania Bara. Mvua kubwa ikinyesha Nyanda za Juu Kusini, siku kadhaa baadaye mtu wa Rufiji huiona kwa rangi ya maji na kwa kimo chake ukingoni. Mto wa aina hiyo haulimiwi kwa kubahatisha. Lazima usomwe, na usomaji wake umekaa katika msamiati.

Wenyeji huitwa Warufiji, jina linalokusanya watu wa asili mbalimbali: Wandengereko, Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, na Wanyagatwa wa kule delta. Kila kundi lilifika mtoni na maneno yake. Kiswahili cha pwani kiliyapokea, nalo kundi likapokea ya Kiswahili, kiasi kwamba leo si rahisi kusema neno fulani ni la Kindengereko tupu au ni la Kiswahili cha Rufiji. Kwa mkulima haina maana kubwa. Neno ni lake kwa sababu kazi ni yake.

Wageni waliofika na kalamu walilikuta neno mlau likitumika, na hawakuwa na la kuliweka mahali pake. Mwaka 1938 H. Marsland aliandika makala kuhusu kilimo hicho katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Lugha ya makala ni Kiingereza, lakini kichwani mwake neno mlau limesimama kama linavyotamkwa bondeni. Tangu hapo karibu kila mtaalamu aliyeandika juu ya kilimo cha Rufiji amelazimika kulitumia. Inasikitisha kwamba neno lililoheshimiwa kwenye jarida la kikoloni zaidi ya miaka 80 iliyopita bado halijapata nafasi yake katika masomo ya kilimo ya watoto wa bonde hilohilo.

Uzito wa jambo hili unaonekana vizuri katika neno moja la Kiswahili sanifu, mafuriko. Redioni na magazetini, mafuriko ni maafa. Na kweli maafa yametokea. Mwaka 1974 mto ulipanda sana. Mwaka 1998, baada ya mvua za El Niño, ulipanda tena. Na Aprili 2024 maelfu ya watu wa wilaya za Rufiji na Kibiti walipoteza mashamba na makazi. Hakuna anayeweza kuyapuuza mateso hayo.

Hata hivyo mto usipofurika, bonde nalo hukosa. Mpunga hupandwa kabla ya maji kufika, unaota kwa mvua, na maji yakija polepole hukua nao na kuunywesha. Yakija mapema mno au kwa kasi, mpunga huzama. Hapo ndipo mlau unapookoa mwaka, kwa sababu maji yaleyale yaliyoua mpunga ndiyo yanayoacha tope la kupandia mahindi. Tena kuna maziwa ya bondeni, 13 yasiyokauka, yakiwemo Zumbi, Utunge, Ruwe na Mtanza. Mto ukivuka kingo zake, samaki huingia humo na kuzaliana: perege, kambale, kitoga. Miaka ikipita bila maji kufika, wavuvi huanza kurudi na mitumbwi mitupu. Han Bantje wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichunguza uhusiano wa mafuriko na njaa Rufiji, na mwaka 2007 Stéphanie Duvail na Olivier Hamerlynck walichapisha utafiti ambao kichwa chake kinauliza kama mafuriko ya Rufiji ni balaa au ni baraka. Mkulima wa bondeni angewajibu kwamba inategemea yamekuja lini, yamepanda kwa kasi gani na yamekaa muda gani. Mpangaji wa maendeleo asiye na neno jingine ila mafuriko ataona hasara peke yake. Akilijua neno mlau ataona pia chakula cha miezi mitatu ijayo.

Neno la pili ni dungu.

Kamusi za zamani, ikiwemo ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, zinalitaja dungu kama jukwaa la kukalia mlinzi wa shamba. Maelezo hayo ni sahihi, ila ni mafupi kuliko kitu chenyewe. Katika bonde la Rufiji dungu ni nyumba. Nguzo ndefu huchimbiwa, sakafu ya miti huwekwa juu ya kimo ambacho maji hutarajiwa kufika, paa huezekwa, ngazi huegeshwa. Familia huhamia humo kwa miezi, hupika humo, hulala humo na huhifadhi mavuno humo. Maji yakizunguka, mtumbwi hufungwa kwenye nguzo na mtu hushuka ngazi moja kwa moja chomboni, akashika upondo na kwenda kwa jirani. Aliyewahi kuona madungu yamesimama juu ya maji ya Aprili anaelewa kwamba jamii iliyoyabuni haikuwa ikiukimbia mto.

Dungu lina kazi zake, na kazi hizo zina vitenzi vyake. Kuamia ni kulinda nafaka dhidi ya ndege, kwa kupiga kelele, kurusha mawe au kugongagonga makopo, tangu alfajiri mpaka jua linapozama. Kweleakwelea wakishuka kwa maelfu, shamba lisilo na mtu wa kuamia huisha kwa siku chache. Usiku zamu hubadilika: sasa wanaongojwa ni nguruwe mwitu na viboko. Kulala shambani kuna gharama yake, na wakati mwingine gharama hiyo ni uhai. Kati ya mwaka 2002 na 2004 simba mmoja aliyepewa jina la Osama na wenzake waliua watu zaidi ya 30 wilayani Rufiji. Watafiti waliochunguza mashambulizi ya simba nchini walieleza kwamba nguruwe mwitu huwavuta simba mashambani, na mkulima aliyelala huko kulinda mazao yake ndiye anayekutana nao. Mtoto wa mjini akifundishwa neno dungu, afundishwe na hilo.

Mpunga unaolindwa nao una majina. Kwenye mabonde ya mashariki mwa Tanzania husikika Supa, Shingo ya Mwali, Kula na Bwana, na mengine ambayo hutofautiana kijiji kwa kijiji. Jina la mbegu hubeba habari za urefu wa bua, harufu ya wali, muda wa kukomaa, na mara nyingine namna watu wanavyoupenda wali wenyewe. Mbegu ikiachwa, jina hufa mwaka huohuo.

Pigo kubwa kwa msamiati wa bondeni lilikuja mwaka 1968 na 1969. Baada ya mafuriko, serikali ilianzisha operesheni ya kuwahamisha watu kutoka bondeni kwenda vijiji vipya vya ujamaa kwenye ardhi ya juu, na Ikwiriri ni miongoni mwa makazi yaliyokua kwa njia hiyo. Nia ilikuwa kuwakinga na maji na kuwasogezea shule, zahanati na barabara. Huduma hizo zilikuja, na zilihitajika. Lakini mashamba yalibaki bondeni. Watu wakawa na nyumba mbili, moja kijijini karibu na barabara na nyingine juu ya nguzo kule shambani, na watoto walioandikishwa shule wakabaki kijijini. Mtoto ambaye hakai dunguni msimu mzima hajui kuamia, wala hayafuati maji wakati wa mlau. Hupata neno bila kitendo chake, na neno la namna hiyo halidumu.

Kule bondeni yalibaki mahame yenye miembe na makaburi. Majina ya mahame hayo nayo ni hazina. Wazee huyataja wanapoeleza mpaka wa shamba au asili ya ukoo, ilhali mengi hayamo kwenye ramani yoyote.

Mwaka uleule wa 1968, kwa bahati njema, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kusini kukusanya kumbukumbu za wazee kuhusu Vita vya Maji Maji. Baadhi ya kumbukumbu hizo zilichapishwa na G.C.K. Gwassa na John Iliffe. Ndani yake limo neno la Kimatumbi, njwiywila, ambalo wazee walilitumia kwa ujumbe wa siri uliopita kwa minong'ono kutoka mtu hadi mtu kabla vita havijalipuka Julai 1905. Kinjikitile Ngwale, aliyetoa maji ya dawa yaliyovipa vita hivyo jina, alikuwa mkazi wa Ngarambe, na Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Ngarambe na Mohoro zote ziko Rufiji. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein, mzaliwa wa mkoa jirani wa Lindi, akaitoa tamthilia yake ya Kinjeketile, inayosomwa mpaka leo. Jina la shujaa linajulikana nchi nzima. Neno lililobeba ujumbe wake lingekwishapotea kama vijana wale wasingeketi na wazee na kuandika walichosikia. Huo ndio ushahidi ulio karibu kabisa kwamba kazi ya kukusanya maneno huzaa matunda, na kwamba ikicheleweshwa kizazi kimoja tu, haifanyiki tena.

Ukitoka Ikwiriri kuelekea baharini, msamiati hubadilika pamoja na maji. Delta ya Rufiji, ambayo sehemu yake kubwa sasa iko Wilaya ya Kibiti, ina msitu wa mikoko wa hekta zipatazo 53,000, mkubwa kuliko mwingine wowote ulio mahali pamoja katika Afrika Mashariki. Tangu Oktoba 2004 eneo hilo, pamoja na Mafia na Kilwa, limo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Mtu wa mjini husema mikoko na kumaliza. Mkata miti wa delta haishii hapo. Kwake mkoko ni mti mmoja tu, wenye mizizi iliyopinda kushuka majini. Kando yake upo mkandaa, ambao gome lake hutoa rangi na dawa ya kutengenezea ngozi. Upo msinzi wenye nguzo zilizonyooka. Upo mchu unaovumilia chumvi nyingi. Upo mlilana, ambao mizizi yake inayochomoza juu ya tope hutumika kama maboya ya nyavu. Upo mkomafi wenye tunda kubwa la mviringo na mbao nzuri za kuundia vyombo. Na upo msikundazi, unaoota pale maji ya mto yanapozidi ya bahari. Anayeyajua majina hayo anajua pia chumvi imefika wapi, kwa kuwa kila mti una mahali pake. Ni elimu ya ikolojia iliyokamilika kabla neno ikolojia halijaingia katika Kiswahili.

Biashara ya miti hiyo ilikuwa na lugha yake. Kutoka nyembamba hadi nene kulikuwa na fito, pau, mazio, boriti na nguzo, na mzigo ulihesabiwa kwa korja, yaani 20. Majahazi yalizipakia na kuvuka nazo hadi Uarabuni na Ghuba, kwenye nchi isiyo na miti ya kujengea, mpaka saruji na chuma vilipoichukua nafasi hiyo. Nyumba za mawe za Unguja na Lamu zina vyumba virefu lakini vyembamba, kwa sababu upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti. Kwa hiyo sehemu ya sura ya miji hiyo maarufu ilitokana na kipimo cha mti uliokatwa kwenye matope kama ya Rufiji. Vijana wa leo wanaijua boriti, pengine na fito. Mazio na korja wengi hawajawahi kuzisikia.

Kuna pia maneno ya kupwa na kujaa. Bamvua ni siku za maji makubwa, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Katikati yake ni maji mafu. Mvuvi yeyote wa pwani anayajua, lakini katika delta yanamhusu hata mkulima. Bahari ikijaa husukuma maji baridi ya mto yapande juu ya mashamba ya mpunga, na mkulima huyatumia bila mashine wala mfereji wa saruji. Mto ukiwa na nguvu, yanayopanda ni maji baridi. Mto ukipungua, ni chumvi. Kalenda ya bamvua ni ya shamba kama ilivyo ya nyavu.

Hata majina ya midomo ya mto yana historia yake. Simba Uranga, Kikunya na Msala yamo katika kumbukumbu za kivita za mwaka 1915, kwa sababu meli ya kivita ya Ujerumani, Königsberg, ilijificha katika delta hiyo mpaka ilipoangamizwa tarehe 11 Julai mwaka huo. Mabaharia wa Uingereza waliandika majina ya Kirufiji kwa herufi zao, kila mmoja kwa tahajia yake, na tahajia hizo zimebaki katika vitabu vya Ulaya. Kwenyewe yanatamkwa na wavuvi wanaopita hapo kila siku.

Matamshi nayo yanastahili kuangaliwa. Serikali na vitabu huandika Ndengereko, kwa r. Mwanaisimu Eva-Marie Ström, aliyetetea tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Gothenburg mwaka 2013 baada ya kuwasikiliza wasemaji wenyewe, aliandika Ndengeleko, kwa l, kama wanavyotamka. Awali aliwahi kueleza hali ya lugha hiyo: inasemwa zaidi na watu wazima, na watoto wanakua na Kiswahili. Mabadiliko hayo hayakuletwa na mtu mmoja. Kiswahili ni lugha ya shule, ya msikiti, ya soko na ya ndoa kati ya makabila, na Warufiji wamekuwa wasemaji wake kwa muda mrefu. Daraja la Mkapa lenye urefu wa mita 970 lilifunguliwa mwaka 2003 na kumaliza foleni za kivuko cha Ndundu. Tangu hapo msemo wa Dar es Salaam hufika Ikwiriri asubuhi ya siku hiyohiyo. Hakuna sababu ya kulilaumu daraja. Watu walilihitaji.

Kinachohitaji kuulizwa ni kwa nini Kiswahili sanifu, chenye nguvu zote hizo, hakikuchukua zaidi kutoka hapa. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa usanifishaji, na kuanzia mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kuisimamia. Uamuzi huo uliipa nchi lugha moja ya vitabu, faida ambayo mataifa mengi ya Afrika yanaitamani. Lakini Kimrima cha pwani hii na Kimgao cha kusini zaidi vikabaki pembeni kama mazungumzo ya nyumbani. Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) lilipoundwa mwaka 1967 kazi ilikuwa kubwa: kutafuta istilahi za sheria, sayansi na utawala. Istilahi nyingi zilibuniwa ofisini au kukopwa kutoka mbali. Wakati huohuo bonde zima lilikuwa na msamiati wa maji, udongo na miti unaofanya kazi kila msimu.

Waingereza walilikabili tatizo lilelile nyumbani kwao, na namna walivyolikabili ina funzo. Joseph Wright alizaliwa mwaka 1855 karibu na Bradford, Yorkshire. Akiwa na miaka 6 alifanya kazi ya kuongoza punda machimboni, kisha akaingia kiwanda cha nguo. Alijifunza kusoma akiwa na miaka 15 hivi. Mtu huyo alipata shahada ya uzamivu Heidelberg mwaka 1885, akawa profesa wa Oxford, na kati ya mwaka 1898 na 1905 akachapisha kamusi ya lahaja za Kiingereza yenye juzuu 6 na maneno yapatayo 70,000. Hakuikusanya peke yake: mamia ya watu wa vijijini walimwandikia vikaratasi, kila kimoja kikiwa na neno, mahali na mfano wa matumizi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Harold Orton wa Chuo Kikuu cha Leeds alituma wakusanyaji katika maeneo 313 kati ya mwaka 1950 na 1961, wakiwa na maswali zaidi ya 1,300. Waliwatafuta wazee ambao hawakuwahi kuhama, wengi wao wakulima. Waligundua kwamba banda la ng'ombe peke yake liliitwa byre kaskazini, shippon Lancashire, mistal sehemu za Yorkshire. Lugha iliyokwisha kuenea duniani kote haikuona aibu kurudi kwa mkamuaji wa ng'ombe kumwuliza banda lake analiitaje.

Mfano wa nyumbani nao upo, tena mzuri. Haji Chum wa Makunduchi alikusanya maneno ya lahaja yake ya Kikae, na mwaka 1994 msamiati huo ukachapishwa Uppsala. Baraza la Kiswahili Zanzibar (BAKIZA) nalo limetoa kamusi za lahaja za Unguja na Pemba. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia Mradi wa Lugha za Tanzania, kilichapisha atlasi ya lugha za nchi mwaka 2009. Kwa hiyo njia inajulikana na wataalamu wapo. Rufiji ina mazingira yasiyofanana na popote pengine nchini, na inastahili kamusi yake.

Haraka inatoka juu ya mto. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji tarehe 22 Desemba 2022, na mitambo yake imejengwa kuzalisha megawati 2,115. Ni umeme ambao taifa zima linauhitaji, Ikwiriri ikiwemo. Lakini mto uliozuiwa haufuriki kama zamani. Maji hutoka kwa ratiba ya mitambo, na sehemu ya tope lililorutubisha bonde hubaki nyuma ya ukuta. Maji yakibadili tabia, mlau hubadilika au hukoma. Kizazi kilichouona mto ukipanda na kushuka kwa majira yake ndicho cha mwisho kinachoweza kueleza kwa usahihi kila hatua iliitwaje, na watu wa kizazi hicho wana umri mkubwa.

Kazi yenyewe haihitaji fedha nyingi. Shule za sekondari za Ikwiriri, Kibiti na Utete zinaweza kuanza muhula ujao: kila mwanafunzi, daftari moja, mzee mmoja. Jambo la kuzingatia ni namna ya kuuliza, na hapo mbinu ya Orton inafaa. Mzee asiulizwe neno la kale ni lipi, kwa sababu ataduwaa. Aulizwe kuhusu kitu: Bibi, maji yakianza kupanda mlijuaje, na mlisemaje? Babu, udongo ule mweusi unaopasuka kiangazi mnauitaje? Sehemu hii ya mtumbwi je? Samaki huyu akiwa mdogo ana jina jingine? Jibu liandikwe kama lilivyotamkwa, bila kulisahihisha liwe sanifu, na pembeni liandikwe jina la kijiji na mfano mmoja wa matumizi. Simu ya mkononi inarekodi sauti. Sauti itunzwe pia. Mwalimu wa Kiswahili akusanye madaftari, mwalimu wa jiografia ahakiki majina ya mahame na maziwa, na nakala zipelekwe BAKITA na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Nawe msomaji uliyezaliwa Umwe, Mgomba, Mohoro, Nyamisati au Salale na sasa unaishi Dar es Salaam, Muscat au kwingineko: likizo ijayo ukienda kuwasalimia wazee, chukua daftari. Uliza kuhusu mlau kwanza. Andika yote watakayokuambia, na ukirudi usilifungie sandukuni.